Kadi ya Pensheni Isiwekwe Rehani

Wazee wetu wa Tunduma,

Maradhi yakizidi au mtaji wa biashara ya mpakani ukikatika, wapo wastaafu wanaokimbilia mikopo ya "kausha damu" na kukabidhi kadi ya benki na namba ya siri. Tangu hapo pensheni huchukuliwa na mwingine kabla dawa hazijanunuliwa. Tunawasihi, kadi na namba hiyo zisitoke mikononi mwenu.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, ombeni kuiona. Mkataba usomwe wote, riba na marejesho, mbele ya mtu mnayemwamini, nanyi mbaki na nakala. Mkidhulumiwa, lalamikeni kwa mkopeshaji kwa maandishi. Msiporidhika, iandikieni Benki Kuu ya Tanzania.