Vijana Bila Wazee: Funzo la Tembo wa Pilanesberg



Kati ya mwaka 1992 na 1997, katika hifadhi ya Pilanesberg huko Afrika Kusini, tembo dume vijana waliua faru weupe zaidi ya 40. Tembo hao walikuwa yatima, waliohamishwa kutoka Kruger wakiwa wadogo baada ya wakubwa wao kuuawa ili kupunguza idadi ya tembo.

Tembo dume akikomaa hupatwa na hali iitwayo masti. Homoni ya testosteroni hupanda sana, majimaji humtoka kati ya jicho na sikio, naye huwa mkali. Kwa kawaida kijana akikabiliwa na dume mkubwa, masti yake hupoa. Pilanesberg hapakuwa na wakubwa. Vijana waliingia masti mapema mno, nayo ikadumu muda mrefu.

Mwaka 1998 yaliletwa madume 6 makubwa kutoka Kruger. Masti ya vijana ikafupika, na mauaji ya faru yakakoma.

Ndugu zangu, homoni ina nguvu, lakini malezi nayo yana nguvu. Binadamu si tembo. Hata hivyo, tunapopanga miradi ya vijana, tuulizane: wazee wao wako wapi?