Geji ya Oili na Injini Iliyofungwa Upya

Mazungumzo yetu ya leo ni habari za injini ya motakaa ya zamani iliyofunguliwa yote, krenki ikachongwa, beringi mpya zikatiwa, kisha ikafungwa tena. Siku ya kuiwasha, mshale wa geji ya oili wakataa kupanda. Mwenye gari ametoa fedha nyingi, fundi amefanya kazi siku nyingi, na sasa kila mmoja amtazama mwenziwe. Yafaa kufanya nini?

Tutwae mfano wa Land Rover ya kale. Gari hilo lilionyeshwa mara ya kwanza huko Amsterdam mwaka 1948, na injini yake ya petroli ya lita mbili na robo ilitengenezwa tangu 1958 hata 1985.

Kwanza sharti tufahamu msukumo wa oili hutoka wapi. Wakulima wa mpunga wa Kilosa watanielewa upesi. Kingo za mfereji zikiwa nzima, maji hufika hata jaruba la mwisho. Kingo zikitoboka, maji yale yale hupotea njiani, na jaruba la mwisho hukauka ingawa mto haukupungua. Ndivyo ilivyo injini. Pampu huvuta oili katika sampu na kuipeleka kwenye beringi kwa njia nyembamba. Kazi ya pampu ni kupeleka tu. Msukumo hutokea kwa sababu nafasi za kupitia ni ndogo. Basi msukumo ukipungua, sababu ni mojawapo ya mbili: ama oili inayoingia njiani ni chache, ama inayovuja humo ni nyingi mno.

Jambo la kwanza ni kuizima injini. Krenki huzunguka juu ya utando mwembamba wa oili. Utando ukikosekana, beringi mpya huharibika kwa muda mfupi sana. Usiseme, "Nitakwenda polepole mpaka Mikumi, labda itajirekebisha." Haitajirekebisha. Tena, atokaye Mikumi kuelekea Morogoro hupita katikati ya Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Hapo si mahali pa kushuka usiku na kufungua boneti.

Jambo la pili ni kumpima shahidi kabla ya kumsadiki. Geji nayo huharibika, na bomba lake huziba. Azima geji nyingine njema, uifunge mahali pale pale, utazame. Kisha angalia kiasi cha oili, na kama chujio limekaa barabara na mpira wake.

Ikiwa shahidi asema kweli, muulize swali moja: msukumo ulikosekana lini?

Kama haukupanda kabisa tangu mwanzo, huenda pampu ni kavu, na pampu kavu haivuti. Kwa hiyo fundi mwangalifu huijaza oili kabla ya kuifunga. Kisha hutoa plagi, akaizungusha injini kwa stata bila kuiwasha, mpaka mshale upande. Usipopanda, atazame bomba la kuvutia oili, kama kiungo chake chaingiza hewa. Atazame pia vizibo vya njia za oili, ambavyo hutolewa wakati wa kuosha injini. Mara nyingine kimoja husahauliwa mezani.

Kama msukumo ni mwema asubuhi lakini huanguka injini ipatapo moto, usishtuke upesi. Oili ya moto hulainika kama samli juani, na kushuka kidogo ni desturi. Kwa injini tuliyoitaja, kipimo ni ratili 35 hadi 65 kwa kila inchi ya mraba, injini ikiwa ya moto, gari likienda maili 30 kwa saa katika gia ya mwisho. Ukiwa chini ya hapo, uliza kama oili si nyepesi kupita kiasi. Halafu fungua sampu utazame kilango cha kupunguza msukumo, ambacho ni gololi na springi ndani ya pampu. Chembe moja ya uchafu ikikwama chini ya gololi, oili hurudi bure katika sampu.

Hayo yote yakiwa mema, ndipo ushuku beringi. Krenki ikichongwa huwa nyembamba, na beringi zake sharti ziwe nene zaidi kwa kiasi kile kile. Akitia beringi za krenki isiyochongwa, fundi ametoboa kingo za mfereji mwenyewe. Asikisie, bali apime.

Wako watu ambao huweka oili nzito, au hukaza springi ya kilango, ili geji ionyeshe vema. Huko ni kumfundisha shahidi kusema uongo. Kilango kilichofunga barabara hufunguka msukumo uzidipo tu; usipofika kiasi hicho, kukaza springi hakuongezi kitu, na nafasi iliyopanuka katika beringi yabaki vile vile.

Basi kumbukeni utaratibu huu: zima, pima geji, uliza lini, kisha anza na kilicho rahisi kabla ya kilicho ghali. Sampu hufunguliwa kwa saa chache. Krenki iliyoungua hudai fedha upya. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.