Mtoto Husema Kabla ya Kuwa na Maneno

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Ustawi wa Jamii mbele ya wazazi na walezi, siku ya kliniki ya watoto)



Msimu wa palizi unapofika, mama huamka alfajiri, humwacha mwanawe kwa dada yake wa miaka saba, kisha hushika njia ya shamba. Jioni hurejea amechoka, maji hayajatekwa, moto haujawashwa. Mtoto humtazama, hunyoosha mikono, hutoa sauti. Asipojibiwa hulia. Siku zikipita bila jibu, hunyamaza, na majirani humsifu: “Mtoto huyu ni mpole, hana usumbufu.”

Upole wa namna hiyo wafaa kuchunguzwa kabla ya kusifiwa. Huenda mtoto amejifunza kwamba kuita hakuna faida.

Malezi yenye mwitikio maana yake ni mzazi kuiona ishara ya mtoto, kuielewa, na kuijibu mapema kwa upendo. Mtoto akitabasamu, atabasamiwe. Akitoa sauti, ajibiwe. Akigeuza uso, aachwe apumzike. Ubongo hukua kwa kasi zaidi katika miaka ya mwanzo ya maisha kuliko wakati mwingine wowote, na kubadilishana huku kwa macho, sauti na mguso ndiko kunakoimarisha lugha, utulivu na uwezo wa kujifunza.

Mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo unaotaja nguzo 5 za malezi jumuishi: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Tanzania ilizichukua nguzo hizo katika Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, inayomlenga mtoto tangu kuzaliwa hadi miaka 8. Kwa hesabu hiyo, dada wa miaka saba anayeachiwa mtoto naye bado ni mtoto mdogo anayehitaji kulelewa. Familia zinazolima jirani zinaweza kupeana zamu, mtu mzima mmoja akibaki na watoto.

Hakuna linalohitaji fedha nyingi. Mama anyonyeshapo, amtazame mtoto na kumsemesha. Katika miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama pekee yanatosha. Baada ya hapo mtoto alishwe kwa subira, asishikwe kwa nguvu wala kuzibwa pua. Anayepika amtajie mtoto majina ya vitu: sufuria, mwiko, nyanya. Vikombe vya plastiki na kibuyu kitupu ni vitu vya kuchezea vya kutosha. Baba naye ana sauti na mikono. Robo saa ya kumpakata mtoto jioni haimpunguzii heshima.

Wapo wanaosema samaki mkunje angali mbichi, wakikusudia fimbo. Mtoto mchanga hali kwa makusudi ya kumkera mtu, wala halii kwa ukaidi. Hulia kwa kuwa hana namna nyingine ya kueleza njaa, maumivu au hofu.

Mtoto wa miezi 6 asiyegeukia sauti, wa mwaka mmoja asiyetoa sauti za kubwabwaja wala kutumia ishara za mikono, au aliyepoteza uwezo aliokuwa nao, apelekwe zahanati bila kusubiri “ataongea tu”. Huenda tatizo ni la masikio, na kuchelewa humnyima msaada. Mama ambaye tangu kujifungua hana furaha wala nguvu ya kumshika mwanawe naye aende. Hiyo ni hali inayotibika, si uvivu.

Kadi ya kliniki huonyesha uzito, lakini haionyeshi ni mara ngapi mtoto ameita akajibiwa. Hesabu hiyo iko nyumbani, na mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.