VIJANA TUSICHINJANE, TUMTAZAME MWENYE UWANJA!

(Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana mjini Tukuyu, wilayani Rungwe)

Nimeombwa niseme kuhusu kitabu, na najua wapo wanaonung'unika: hivi kweli, maisha magumu namna hii, mtu anatuletea hadithi? Naomba mnisikilize kidogo.

Kitabu chenyewe kinaitwa "The Hunger Games", yaani michezo ya njaa. Kiliandikwa na mama mmoja wa Marekani, Suzanne Collins, kikatoka mwaka 2008, na sinema yake ikafuata mwaka 2012. Wengi wenu mmeiona kwenye mabanda ya video. Kinasimulia nchi ya kubuni, Panem, yenye jiji kuu linalokula na kusaza, na wilaya 12 zinazolilisha. Kila mwaka kila wilaya hutoa mvulana mmoja na msichana mmoja wa miaka 12 hadi 18, kwa bahati nasibu. Watoto 24 wanafungiwa uwanjani wauane mpaka abaki mmoja, na wakubwa wanatazama kwenye televisheni huku wakishangilia. Mtoto wa mlalahoi akitaka nafaka na mafuta ya ziada nyumbani kwao, sharti jina lake liongezwe kwenye bahati nasibu. Mmeiona mizengwe hiyo? Aliyeshiba hajiongezei hatari. Mwenye njaa ananunua unga kwa roho yake.

Kwa nini vijana wa dunia nzima wamekipenda? Wapo wanaosema ni kwa sababu ya mapigano. Nakataa! Mapigano yamejaa kwenye kila sinema ya kung-fu. Kitabu hiki kinapendwa kwa sababu kijana akikisoma anajiona mwenyewe. Nani amesahau Juni 2014? Vijana zaidi ya 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kufanya usaili wa nafasi 70 tu za Idara ya Uhamiaji. Walikaa majukwaani kama watazamaji wa mpira, kumbe wao ndio mchezo! Ni wangapi walirudi mtaani wakijilaumu wenyewe, au wakimlaani aliyekaa jirani yao? Na ni wangapi waliouliza kwa nini nchi yenye kazi nyingi hivi za kufanya ilikuwa na nafasi 70 tu?

Hapo ndipo ulipo utamu wa kitabu. Katniss, binti wa miaka 16 kutoka wilaya ya makaa ya mawe, anajua kuwinda na kujificha. Lakini kinachomwokoa mwishoni si upinde wake. Wamebaki wawili, yeye na mwenzake Peeta, wanatakiwa wauane. Wanakataa. Wanashika matunda ya sumu: ama tunakufa wote, au tunatoka wote. Wakubwa wakanywea! Kumbe mwenye uwanja anategemea wewe ukubali kumchinja mwenzako. Ukigoma, hana mchezo.

Mwaka huo huo wa 2014, jeshi lilipopindua serikali Thailand, vijana wa kule waliichukua saluti ya vidole vitatu iliyo katika hadithi hii, wakaiinua mitaani kupinga. Wakakamatwa. Mtu mwenye bunduki anaogopa vidole vitatu!

Wala msiseme hayo ni ya Wazungu. Kiswahili kina "Walenisi" ya mwaka 1995, ya Katama Mkangi wa Kenya, aliyewekwa kizuizini mwaka 1986 na kugombea urais mwaka 1997. Shujaa wake, Dzombo, anahukumiwa kifo na kurushwa angani ndani ya chombo, lakini hafi: anaibukia nchi isiyo na mnyonyaji. Lisomeni jina hilo taratibu: wale ni sisi.

Na hapa kwetu? Mtafiti Monica Wilson alikuja Unyakyusa miaka ya 1930, na kitabu chake kilitoka mwaka 1951. Alikuta wavulana wa miaka 10 au 11 wakijenga kijiji chao wenyewe, rika moja, wakila pamoja na kulala pamoja. Wakishakuwa watu wazima ilifanywa sherehe ya ubusoka: wazee wakasogea pembeni, vijana wakakabidhiwa uongozi. Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Mabinti hawakuwa na kijiji chao. Lakini rika lilikuwa ngao, na wazee walijua siku ya kung'atuka!

Leo vijana wawili wa bodaboda wanatoana ngeu stendi kwa abiria mmoja, na jioni wote wawili wanapeleka hesabu kwa tajiri yule yule. Huo ndio uwanja wetu. Basi ukimaliza kitabu hiki usiishie kuuliza nani alishinda. Uliza nani alijenga uwanja, na nani anakula kiingilio. Na kabla hujamkunjia ngumi mwenzako, inua macho utazame jukwaa kuu.