Somo la Afya: Kuvua Mavazi ya Kujikinga

Leo nasema hasa na wauguzi na watumishi wa zahanati.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba tangu Januari 2020 hata Mei 2021, korona huenda iliwaua watumishi wa afya kati ya 80,000 na 180,000 duniani. Katika nchi nyingi mavazi ya kujikinga yalikuwa haba. Lakini je, aliye nayo amesalimika? La, si lazima. Oktoba 2014 mwuguzi mmoja wa Madrid, nchini Hispania, aligunduliwa kuwa na Ebola baada ya kumhudumia mgonjwa, naye alikuwa amevaa mavazi hayo. Ilidhaniwa kwamba alijigusa uso kwa glavu alipokuwa akivua. Alipona, nasi tunashukuru. Korona na Ebola ni magonjwa mbalimbali, lakini hatari ya kuvua ni ile ile.

Fikiri, ndugu yangu. Unapovaa, vitu vyote ni safi na wewe hujachoka. Unapovua, nje pote pana uchafu usioonekana, jasho lakutoka, miwani imeingia ukungu, na kiu imekushika. Hapo ndipo mkono hukimbilia puani.

Basi, katika wodi ya korona, anza na glavu. Shika ya kwanza kwa nje karibu na kifundo cha mkono, uivute igeuke ndani nje, uikamate kwa mkono wenye glavu bado. Kisha penyeza kidole kitupu chini ya glavu ya pili, ndani, uigeuze vivyo hivyo. Fungua kamba za gauni, ulivute toka mabegani, ulikunje upande mchafu uwe ndani. Nawa mikono. Miwani ivuliwe kwa mkanda wake wa nyuma. Barakoa huwa ya mwisho, nawe umekwisha kutoka chumbani; shika kamba tu, usiguse mbele. Nawa tena kwa sabuni.

Wengine huvaa glavu mbili tatu na barakoa juu ya barakoa, wakidhani wamejenga ngome. Mimi sipendi. Kila nguo uliyojiongezea bila kuagizwa ni nguo nyingine ya kuvua, ukiwa umechoka. Na yule avaaye glavu zile zile kutwa nzima, kitanda hata kitanda, ajikinga yeye na kuwagawia wagonjwa vijidudu.

Usivue peke yako. Mwenzako na asimame mbali kidogo, akisoma hatua moja moja kwa sauti, nawe usifanye ya pili kabla hajaitaja. Akisema "Simama!" simama. Hata kama anayevua ni bwana mganga mkuu na anayesoma ni mfagiaji, bwana mganga na asimame.

Kabla ya somo lijalo fanyeni zoezi hili wawili wawili, mahali pasipo na mgonjwa. Korogeni masizi na maji, mpake glavu na kifua cha gauni, kisha mmoja avue huku mwenzake akisoma. Halafu tazameni shingo, vifundo vya mikono na mashavu. Penye doa jeusi ndipo vijidudu vingepita. Oga, uvae upya, urudie mpaka ngozi itoke safi mara tatu mfululizo.