JEMBE NA KALAMU
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Dodoma)



Tumeombwa kusema machache juu ya kazi. Tutasema juu ya jembe, maana wengi wetu tulioketi humu mikono yetu ililijua jembe kabla ya kuijua kalamu.

Sisi tuliolelewa Ugogo twakumbuka. Mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, huanza Desemba na kwisha Aprili, na achelewaye kupanda huweza kukosa chakula cha mwaka mzima. Basi tuliamshwa kabla ya jua, tukalima na kupalilia hata viganja vikatoka malengelenge. Uwele ulipotoa masuke tulikaa juu ya dungu, teo mkononi, tukiamia ndege tangu alfajiri hata magharibi. Hatukuuliza ujira. Wazee wetu walikuwa wamesimuliwa na wazee wao habari za Mtunya, njaa kuu ya 1917 hata 1920, majeshi ya Wadachi na ya Waingereza yalipochukua nafaka, ng'ombe na wapagazi, na mvua nayo ikakosa. Aliyesikia habari hizo hakuliona jembe kuwa kitu duni.

Je, dharau ilituingia wapi? Twadhani iliingia shuleni. Huko aliyechelewa kengele alipewa jembe. Mwenye bidii alipewa kitabu, mkosaji alipewa shamba. Hivyo tulijifunza, bila kuambiwa kwa maneno, ya kuwa kulima ni adhabu. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya Elimu ya Kujitegemea, akionya kwamba shule zisiwafanye vijana wajione bora kuliko wakulima, akataka shule ziwe na mashamba yao. Lakini shamba likifanywa kiboko, mtoto hujifunza kukikimbia kiboko.

Matunda yake tumeyaonja. Siku moja mzazi wetu alikuja ofisini kututazama, miguu ina vumbi, begani mfuko wa unga wa uwele. Mwenzetu mmoja akauliza, "Ni nani huyu?" Tukajibu, "Ni mtu wa kwetu." Mzee alisikia, wala hakunena neno. Aliuweka unga chini, akaenda zake. Unga ule tuliula, lakini haukupita vema kooni.

Wala tusidhani kulima ni kazi isiyotaka akili. Pale Kongwa, si mbali na hapa, Serikali ya Uingereza ilianza mwaka 1947 mpango mkubwa wa karanga kwa matrekta na wataalamu. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mashine zikavunjika, mvua ikapungua. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na paundi milioni 36 hivi zimekwisha kupotea. Mkulima wa Ugogo alijua tangu zamani kwa nini apande uwele na mtama, mazao yavumiliayo ukame.

Hatusemi tuitupe kalamu, kwani ndiyo itulishayo. Twasema haya tu. Wakati wa palizi tuwapelekee wazee msaada, maana mikono iliyowasaidia zamani tumeileta mjini. Watoto wetu tusiwape jembe kwa hasira, bali tulime pamoja nao, kisha tule pamoja walichovuna. Na ajapo ofisini mtu mwenye vumbi miguuni, tumpe kiti, tuseme mbele ya wote: "Huyu ni baba yetu."