Mlango wa Sukari Katika Utumbo na Figo

Mgonjwa wa kipindupindu aweza kufariki dunia kwa muda wa saa chache tu, kwa kuwa maji na chumvi humtoka mwilini kwa kasi. Maji matupu hayamtoshi. Lakini akinywa maji yaliyotiwa chumvi na sukari kwa kipimo, aghalabu hupona. Je, sukari ina kazi gani hapo?

Seli za utumbo zimezungukwa na utando wa mafuta. Glukosi, yaani sukari itumiwayo na mwili, haiwezi kuupenya utando huo ila kwa kubebwa na protini maalumu, mfano wa mlango wenye bawabu. Mwezi Agosti 1960, mjini Prague, mwanasayansi wa Marekani Robert Crane alieleza kuwa bawabu huyo haipitishi glukosi peke yake, bali huipitisha pamoja na sodiamu iliyomo katika chumvi. Vikishaingia viwili hivyo, maji nayo hufuata.

Sumu ya kipindupindu haiuharibu mlango huo. Mwaka 1971 wakimbizi wa vita vya Bangladesh waliugua kwa wingi huko Bangaon, nchini India. Maji ya dripu yalipopungua, Dakta Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa maji ya chumvi na glukosi. Vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya asilimia 4. Hata leo, asiye na pakiti ya dawa hiyo aweza kutia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi.

Figo nazo zina milango ya jamaa hiyo hiyo. Kila siku huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka katika damu, na karibu glukosi yote iliyomo hurejeshwa mwilini. Kwa mwenye kisukari, wema huo hugeuka madhara: sukari hurejeshwa katika damu iliyokwisha kuzidiwa nayo.

Mwaka 1835 wanakemia wa Ulaya walipata katika gome la mtofaa kitu kiitwacho florizini, ambacho baadaye kilionekana kuitoa sukari kwa njia ya mkojo. Lakini kiliziba pia mlango wa utumbo na kuleta kuhara. Kwa kuufuata mfano wake zikatengenezwa dawa zinazoziba hasa mlango wa figo. Ya kwanza iliidhinishwa Ulaya mwaka 2012. Utafiti uliofuata umeonyesha kuwa dawa hizo huukinga pia moyo na figo zenyewe.

Hata hivyo, dawa hizo hutoa maji pamoja na sukari. Kwa hiyo mwenye kuzitumia, akipatwa na kuhara au kutapika, yampasa kumwuliza daktari wake upesi kama azisimamishe kwa muda.